Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za majeruhi: aliumiaje, na saa ngapi?

Kwa Waziri wa Afya,
Waziri wa Nchi anayesimamia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mganga Mkuu wa Serikali,
Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani.

Waheshimiwa,

Majeruhi akifikishwa mapokezi, daftarini mara nyingi huandikwa herufi tatu tu: RTA, yaani ajali ya barabarani kwa kifupi cha Kiingereza. Dereva wa lori aliyebanwa na usukani, abiria wa bodaboda aliyepakiwa mshikaki, mtoto aliyegongwa akivuka kwenda shule, wote ni RTA. Aliyedondoka kutoka mnazini na bibi aliyeteleza bafuni, wote "ameanguka". Aliyelipukiwa na petroli na mtoto aliyemwagikiwa uji, wote "ameungua". Kuanzia hapo mpaka anaporuhusiwa, au anapopelekwa mochwari, hakuna tena anayeuliza aliumiaje.

Tunawaomba mlirekebishe jambo hili. Chanzo cha jeraha kinatuambia nini kitamuua mgonjwa, kitamuua kwa njia gani, na tuna muda gani wa kukizuia. Majeruhi wawili wanaweza kuingia na presha ile ile na kidonda cha ukubwa ule ule, mmoja akatoka kwa miguu yake baada ya siku tatu na mwingine akafariki alfajiri, na tofauti yao ilikuwa kwenye swali ambalo hawakuulizwa mlangoni.

Tuanze na pikipiki, maana ndizo zinazojaza vitanda vyetu.

Mtu aliye juu ya bodaboda hana bodi ya gari ya kumkinga. Akigongwa ubavuni, kishindo kinapokelewa na mfupa wa muundi, na kwa kuwa mbele ya muundi hakuna nyama, mfupa hutoboa ngozi na kukutana na mchanga, majani na oili ya barabarani. Jeraha hilo haliui siku ile. Presha iko vizuri, mgonjwa anaongea, anaomba simu apige nyumbani. Kwa hiyo anawekwa kwenye benchi kusubiri, na hapo ndipo mguu unapoanza kupotea. Antibiotiki ilitakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja tangu aumie, au mara tu afikapo: sefazolini gramu 2 kwa mtu mzima, pamoja na kinga ya pepopunda. Kisha kidonda kioshwe. Kawaida tunayofundishana ni lita 3 kwa kidonda kidogo kisichozidi sentimita moja, lita 6 kwa cha kati, lita 9 kwa kilichopondekapondeka. Lita 9 ni chupa 18 za nusu lita. Stoo inayoagiza maji kwa hesabu ya dripu peke yake italalamika kwamba akiba inamalizwa, na kidonda kitaoshwa kwa chupa mbili.

Kosa la pili ni kushona. Kidonda kilichoachwa wazi kinaonekana mbele ya ndugu kama uzembe, hivyo kinafungwa siku ile ile ili watu waridhike. Siku ya nne mguu umevimba, harufu imetoka, na nyuzi zinafumuliwa huku usaha umeshafika kwenye mfupa. Kidonda kichafu huachwa wazi, hufunikwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, na hurudishwa thieta baada ya saa 48 kikaguliwe upya. Kosa la tatu ni plasta ngumu ya kuzunguka mguu wote siku ya kwanza. Mguu unaendelea kuvimba ndani ya kitu kisichotanuka, na misuli iliyobanwa hivyo kwa muda wa saa 6 hivi huanza kufa. Dalili yake ni maumivu yasiyolingana na jeraha: ukimnyoosha vidole vya mguu kwa upole anapiga kelele. Mapigo ya damu kwenye unyayo bado yapo, na hayo ndiyo yanayowadanganya wengi wakasema mguu ni mzima. Siku za mwanzo inatosha plasta ya upande wa nyuma peke yake, iliyoshikwa na bandeji.

Paja ni habari nyingine. Mfupa wa paja ukivunjika unaweza kuficha lita moja hadi moja na nusu ya damu bila tone kuonekana nje, na nyonga iliyofunguka huficha zaidi ya lita mbili, wakati mtu mzima ana kama lita tano tu. Nyonga hufungwa kwa shuka au kitenge kilichokazwa usawa wa mifupa inayochomoza ubavuni mwa mapaja. Kikifungwa kiunoni, kama wengi wanavyofanya, hakisaidii kitu.

Halafu kichwa. Mapitio makubwa ya tafiti za kofia ngumu yalionyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Maswali ya mlangoni kwa hiyo ni mawili: alivaa kofia, na je, kamba ya kidevuni ilikuwa imefungwa? Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Asiyevaa kofia, hata akiwa anaongea, anahitaji kupimwa fahamu na mboni za macho kila nusu saa, kwa sababu damu inayovujia kati ya fuvu na utando wa ubongo humpa mtu saa kadhaa za kuonekana mzima kabla ya kumzimisha. Na kwa aliyeumia ubongo vibaya, namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90 hata mara moja, uwezekano wa kufa huongezeka kama mara mbili. Ndiyo maana inatuuma kuona mgonjwa wa namna hiyo anapakiwa kwenye gari lisilo na oksijeni na kusafirishwa kilomita mia moja kutafuta CT scan, wakati presha yake haijapandishwa na hakuna aliyefunga paja linalovuja. Kipimo kinamkuta amekwisha kuharibika.

Moto tungependa mtusikilize kwa makini zaidi, kwa sababu moto huua kwa kuchelewa, na wanaohesabu vifo siku ya tukio huwa wamekwisha kuondoka. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na petroli ikawalipukia watu waliokusanyika. Siku ile ile vifo vilikuwa takribani 60. Majeruhi walipelekwa Muhimbili, na waliendelea kufariki mmoja mmoja kwa siku na majuma, mpaka jumla ikapita 100. Hivyo ndivyo petroli inavyofanya kazi: mshtuko wa kupoteza maji katika siku mbili za kwanza, njia ya hewa iliyovimba kwa wale waliovuta moshi na miali, na kuanzia mwisho wa juma la kwanza, wadudu wanaoingia kupitia ngozi ambayo haipo tena.

Hesabu ya maji ya dripu ya mgonjwa wa moto hutegemea chanzo moja kwa moja. Mtu mzima aliyeungua kwa miali au maji ya moto huanzishiwa mililita 2 kwa kila kilo kwa kila asilimia ya mwili iliyoungua. Mtoto mililita 3. Aliyepigwa na umeme mkubwa mililita 4. Nusu ya jumla inaingia ndani ya saa 8 za kwanza, na saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua. Mchukue mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 na kufika hospitali baada ya saa 3. Kama ni miali ya moto, jumla yake ni mililita 3,600. Nusu, yaani 1,800, iingie katika saa 5 zilizobaki, sawa na 360 kwa saa. Kama ni umeme, jumla inakuwa 7,200, na mwendo wake ni 720 kwa saa. Mara mbili kamili, kwa ngozi ile ile inayoonekana. Muuguzi aliyeandikiwa "ameungua 30%" bila kuambiwa kwa nini, na bila saa ya tukio, atakosea pande zote mbili: atamkausha wa umeme figo zife, au atamjaza wa moto mpaka mapafu yavimbe. Baada ya kuanza, kiongozi wetu ni mkojo kwenye mfuko: mililita 30 kwa saa kwa mtu huyo wa kilo 60 akiwa ameungua kwa moto, na 60 hadi 100 kwa wa umeme ambaye mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi, maana hiyo ni misuli iliyoyeyuka ikipita kwenye figo.

Uji nao si chai. Uji ni mzito, unang'ang'ania ngozi na kushikilia joto, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili aliyevuta sufuria ya uji huungua kwa kina kuliko aliyemwagikiwa kikombe cha chai, ingawa eneo ni lile lile. Wote wawili walistahili maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ambayo husaidia hata kama yameanza ndani ya saa 3. Wengi hutufikia wamepakwa dawa ya meno, yai, asali au mafuta ya kula, na kazi ya kwanza inakuwa kuviondoa. Wanaopona bila kupandikizwa ngozi mapema wanarudi baada ya miezi na kidevu kimevutwa kifuani, au mkono umekunjika kwenye kiwiko kama bawa. Kwenye takwimu zenu hao wamepona.

Kuanguka kunahitaji maswali matatu: kimo gani, alitua kwa nini, na umri. Mkwezi wa minazi wa Mkuranga au Pangani, kibarua aliyedondoka kwenye jukwaa la ujenzi, mchuma karafuu wa Pemba, akitua kwa miguu kutoka zaidi ya mita 3 anavunja visigino, na kishindo kinapanda mpaka chini ya mgongo. Visigino vinauma sana, ndivyo anavyovionyesha, ndivyo vinavyopigwa eksirei. Mgongo unagunduliwa kesho yake asubuhi, baada ya kubebwa na watu wawili, mmoja mabegani na mmoja miguuni, mara tatu kutoka kitanda hadi kitanda. Mgonjwa wa aina hiyo hugeuzwa kama gogo na watu wanne, mmoja akishika kichwa na kutoa amri. Asipogeuzwa hivyo, mfupa uliovunjika unaweza kuukata uti uliokuwa bado salama.

Na aliyekwisha kupooza hafi wodini. Anaruhusiwa. Anakufa nyumbani baada ya miezi mitano au minane, kwa vidonda vya kulala vilivyofika kwenye mfupa na maambukizi ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Alihitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2, mpira wa mkojo unaobadilishwa kwa usafi, na mtu wa kumfundisha mkewe au mama yake kabla hajaondoka. Daftari linasema: aliruhusiwa akiwa hai.

Bibi wa miaka 75 aliyeteleza bafuni haonekani kama majeruhi hata kidogo. Hana damu, hana kidonda, mguu tu umefupika na unyayo umegeukia nje. Kwa kuwa ameanguka kutoka kimo chake mwenyewe, anachukuliwa kuwa mwepesi kuliko kijana aliyedondoka mwembeni. Ukweli ni kinyume. Asipofanyiwa upasuaji mapema, ikiwezekana ndani ya saa 48, akainuka na kukaa, atapata homa ya mapafu, vidonda au damu kuganda miguuni. Kumlaza akivutwa mguu kwa mawe kwa wiki sita ni kumhukumu.

Visu na mapanga tutavipitia haraka, kwa kuwa hapa chanzo hujionyesha chenyewe. Kisu kina mdomo mdogo na safari ndefu. Aliyechomwa kifuani huwekewa bomba la ukubwa wa 28 hadi 32, na likitoa mililita 1,500 kwa mkupuo, au likaendelea kutoa 200 kila saa, kifua kinatakiwa kufunguliwa. Mgonjwa wa kisu hataki kusubiri. Anataka daktari wa upasuaji na damu, na akivipata kwa wakati hupona vizuri kuliko aliyegongwa na gari. Panga huikuta mikono iliyoinuliwa kujikinga, na mishipa ya vidole isiyounganishwa ndani ya siku chache humwacha fundi au mkulima na mkono usiofumba. Lakini kuna chanzo kinachofichwa. Mwanamke anayesema ameanguka bafuni huku ana michubuko ya rangi tofauti na alama za vidole mkononi aulizwe akiwa peke yake, mume au shemeji akiwa nje, na apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, kama hospitali inacho. Akirudishwa nyumbani kwa jina la "ameanguka", jeraha lijalo linaweza kuwa la mwisho.

Sasa saa. Mwaka 2010 utafiti wa CRASH-2, uliohusisha majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya wanaovuja damu: walifariki asilimia 14.5 ya waliopewa, dhidi ya 16.0 ya wasiopewa. Ni gramu 1 mshipani kwa dakika 10, yaani ampuli mbili za miligramu 500, kisha gramu nyingine taratibu kwa saa 8. Ni dawa rahisi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haihitaji friji. Ila inafanya kazi ndani ya saa 3 tangu mtu aumie. Kila dakika 15 zinazopita hupunguza faida yake kwa kama sehemu moja ya kumi, na ikitolewa baada ya saa 3 inaweza kuongeza vifo vya kuvuja damu badala ya kuvipunguza. Bila saa ya tukio hatuwezi kuitumia kwa haki.

Na saa yenyewe inapotea njiani kwa sababu ndogo ya kwetu. Ndugu anasema aligongwa saa tatu usiku. Karani wa kituo cha afya anaandika 3:00. Hospitali ya rufaa inayosoma kwa mtindo wa saa 24 inaona saa tisa alfajiri. Saa sita zimeyeyuka kwenye karatasi moja: majeruhi wa muda mrefu anaonekana wa hivi karibuni, anapewa dawa iliyopitwa na wakati, na dripu ya aliyeungua inahesabiwa upya kana kwamba ameungua sasa hivi. Tunaomba fomu zote za rufaa ziwe na visanduku vya saa 24, na pembeni yake maneno manne ya kuzungushia duara: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Lipo jambo la kiutawala ambalo mnalishika ninyi peke yenu. Kila robo mwaka hospitali hulinganishwa kwa vifo. Tuchukue mfano wenye tarakimu za kubuni. Hospitali ya kwanza imepokea majeruhi 200: wa mifupa 180, wakafariki 9, yaani asilimia 5, wa moto 20, wakafariki 6, asilimia 30. Jumla vifo 15, asilimia 7.5. Hospitali ya pili nayo imepokea 200: wa mifupa 100, wakafariki 4, asilimia 4, wa moto 100, wakafariki 25, asilimia 25. Jumla vifo 29, asilimia 14.5. Hospitali ya pili imewatibu vizuri zaidi wa mifupa na vizuri zaidi wa moto, na bado kwenye jedwali inaonekana inaua karibu mara mbili ya mwenzake. Mganga mfawidhi ataitwa kujieleza, na anayejua kwamba ataitwa ataanza kuandika rufaa kwa kila mgonjwa wa moto anayefika mlangoni.

Lingine linafanana na hilo. Mkileta magari ya wagonjwa yanayofika haraka, vifo vya hospitali vitaongezeka mwanzoni, kwa kuwa waliokuwa wakifia barabarani sasa watafia mezani kwetu, na wengine watapona. Asiyejua chanzo na saa ya tukio atasema magari hayana faida, na bajeti itakatwa.

Njia ya kulinganisha kwa haki ipo jirani. Dkt. Olive Kobusingye na wenzake huko Uganda walitengeneza Kipimo cha Majeruhi cha Kampala, kinachohitaji mashine ya presha na macho tu: umri, presha, kasi ya kupumua, hali ya fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Jumla haizidi 16, na kadiri inavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda. Muuguzi mmoja hukijaza kwa dakika moja. Kikikaa pamoja na chanzo, mtaweza kulinganisha waliogongwa na waliogongwa, walioungua na walioungua, wenye alama 10 na wenye alama 10.

Kuhusu chanzo hakuna haja ya kubuni lugha mpya. Orodha ya magonjwa ya kimataifa, toleo la 10, imelipanga jambo hili vizuri: herufi S na T husema kilichoumia, herufi V, W, X na Y husema kilichoumiza. V01 hadi V09 ni mtembea kwa miguu, V20 hadi V29 ni mtu wa pikipiki, W12 ni jukwaa la ujenzi, W14 ni mti, X00 hadi X09 moshi na miali, X10 hadi X19 vimiminika na vitu vya moto, X85 hadi Y09 kushambuliwa. Hospitali nyingi huishia kwenye S na T. Tunataka karatasi moja ya mlangoni, nusu ya A4, inayojazwa na wa kwanza kumpokea majeruhi. Iulize kilichomuumiza, kwa maneno ya kawaida. Iulize alikuwa nani katika tukio: dereva, abiria, mtembea kwa miguu, na kama ni bodaboda, walipanda wangapi. Iulize kofia au mkanda, kimo, kama ameanguka, kama alikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, kama ameungua, saa aliyoumia na saa aliyofika, nani aliyemleta, na kama ni bahati mbaya, shambulio au alijidhuru. Nakala moja ibandikwe kwenye faili la mgonjwa ili daktari wa zamu ya usiku aione. Herufi na namba aziweke karani wa takwimu baadaye. Tusimpe kazi hiyo muuguzi ambaye ana damu mikononi. Kisha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, iwe na safu ya chanzo kwenye taarifa ya wagonjwa waliolazwa, si ya wa nje peke yake.

Hii inatupeleka kwenye PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Kamanda, fomu hiyo ina maelezo ya tukio ambayo sisi tunayatafuta, lakini daktari akiijaza inarudi polisi na hospitali inabaki bila nakala. Tunaomba iwe na nakala ya hospitali. Na tunaomba waraka mmoja, uliosainiwa na wizara zote mbili na Jeshi la Polisi, ubandikwe kila mapokezi kwa maandishi makubwa: majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Bado wapo ndugu wanaomwacha mtu anavuja damu kwenye bajaji wakikimbilia kituoni, kwa kuwa ndivyo walivyosikia, na wapo wahudumu wanaowaambia hivyo. Kenya wameliweka kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwetu lianze kwa karatasi ukutani.

Usafiri nao mnao tayari nusu yake. Mpango wa m-mama umetuonyesha kwamba namba moja ya simu, 115, kituo cha kupokea simu na madereva wa jamii waliosajiliwa wanaweza kumfikisha mama mjamzito hospitali katika maeneo yasiyo na gari la wagonjwa. Mpokea simu yule yule akiongezewa maswali matano ya chanzo atajua kama majeruhi apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au moja kwa moja kwenye thieta. Aliyechomwa kisu tumboni asipitishwe mahali pasipo na daktari wa upasuaji ili tu aandikiwe rufaa. Madereva wafundishwe mambo manne: kukandamiza kinachovuja, kufunga nyonga, kumbeba aliyeanguka bila kumkunja, na kupoza moto kwa maji. Kwa wahudumu, mafunzo ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani huchukua siku 5, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyajaribu mwanzo pamoja na Uganda na Zambia. Yafike kwenye kila kituo cha afya kilichopo barabara kuu.

Vifaa vifuate chanzo pia. Hospitali ya wilaya iliyopo kandokando ya barabara ya Chalinze hadi Mbeya ikipelekewa mgao ule ule wa kila wilaya, itaishiwa traneksamiki, maji na vyuma vya paja huku nyingine zikitupa dawa zilizoisha muda. Karatasi za mlangoni za miezi mitatu zingetosha kuwaonyesha MSD, yaani Bohari ya Dawa, nani anahitaji chupa 18 za kuosha muundi, nani anahitaji shashi za moto, na nani anahitaji magodoro ya wagonjwa wa mgongo.

La mwisho ni siku ya 30. Mtu apigiwe simu siku ya thelathini tangu aumie, kwa namba aliyoiacha, aulizwe maswali matatu: yuko hai, anatembea, amerudi kazini? Wengi huondoka wodini kabla ya muda kwa sababu ya gharama, wakaenda kwa waganga wa mifupa, na wengine hurudi na mguu mweusi uliofungwa vijiti kwa kubanwa. Simu ya siku ya 30 itawakuta mapema kuliko hapo, na Bima ya Afya kwa Wote mnayoitekeleza kwa Sheria ya 2023 itajua inamlipia nani na kwa ajili ya nini.

Tunapendekeza mwanzo uwe hospitali za rufaa za mikoa ya Pwani, Morogoro, Iringa na Mbeya kwa miezi sita, kwa karatasi tu, bila kusubiri mfumo wa kompyuta. Nakala ya karatasi tuliyoichora tunayo tayari, na tuko tayari kukaa na maofisa wenu siku yoyote mtakayotupangia, tuipunguze au tuiongeze.

Ni sisi,
wauguzi, matabibu na madaktari wa vyumba vya dharura na wodi za majeruhi.